Sahihi ya Mnyanyasaji

Serikali, kwa kushirikiana na mabenki, ilitangaza kwa heshima kuu kuanzishwa kwa Idara ya Kuwanusuru Wanaonyanyaswa Kiuchumi. Utepe ulikatwa, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa. Mkurugenzi akapewa kiti kinachozunguka, naye akazunguka nacho mpaka adhuhuri.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwanamke ambaye mumewe amemshikia kadi ya benki alitakiwa kuleta fomu moja tu, mume awe amesaini kukiri kwamba yeye ni mnyanyasaji, kisha Mkurugenzi aidhinishe. Fundi cherehani mmoja aliuliza tangu lini mwizi akaombwa ruhusa ya kukamatwa. Alielezwa kwa upole kwamba mume naye ana haki ya kushirikishwa. Akasonya, akaenda zake.

Miezi mitatu ikapita bila fomu hata moja kurudi. Mkurugenzi akaandika ripoti kwamba unyanyasaji umetokomezwa.

Nyumbani kwake nako kulikuwa shwari. Mkewe, muuguzi, alikuwa hajalalamika tangu mumewe alipoichukua kadi yake ya mshahara, kwa sababu za kiusalama. Kila asubuhi alipewa nauli ya kwenda. Ya kurudi aliipata akiomba kwa adabu.

Jumatatu moja katibu muhtasi alileta rundo la mafaili. Mkurugenzi alisaini yote huku akiongea kwenye simu, maana kusoma ni kazi ya wadogo. Alhamisi, kwenye kituo cha mafuta, kadi ya mkewe ikagoma. Akampigia meneja wa benki, akifoka.

"Tumeifunga, mzee. Mshahara wa shemeji sasa unaingia akaunti yake mpya."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yako. Fomu ya shemeji umeisaini mara mbili. Juu kama mnyanyasaji, chini kama Mkurugenzi."

Aliamuru ifutwe mara moja. Meneja akamkumbusha, kwa masikitiko makubwa, kwamba kanuni hairuhusu mpaka mke naye asaini fomu ya kufuta.

Jioni Mkurugenzi alimpelekea mkewe fomu hiyo na kalamu mpya, sauti imelainika kama ya mchumba. Muuguzi alikuwa na furaha, na hakuificha.

"Weka hapo, baba watoto. Mimi sisaini kitu bila kusoma."

Akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza. Fomu ilikuwa na kurasa arobaini, na zote aliziandika Mkurugenzi mwenyewe.