Saini za Wiki Nzima

Jumatano, 5 Februari 2014
Nimesimamishwa kazi! Wiki mbili, bila ya mshahara. Na masika hayo yanakuja, paa la jiko linataka makuti mapya. Kosa langu? Bidii. Jumatatu nilisaini daftari la mahudhurio mpaka Jumamosi, nipunguze foleni. Jana nikaenda kutazama mchezo wa ng'ombe, vijana wanavyomchokoza uwanjani. Ng'ombe akanikimbiza mpaka juu ya mkarafuu. Leo kiwanda kizima cha mafuta ya mchaichai hapa Konde kinajua, na daftari linasema jana nilikuwa mizanini napima majani. Bi Mwanapili, meneja wetu, hakunipa hata barua. Kanionesha mlango tu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemwambia mke wangu, Time, kwamba nimepewa likizo. Kautazama ugoko wangu ulivyochunika, kisha kanipa jembe. Nimelima muhogo asubuhi nzima. Likizo gani hii!

Alasiri nimemfuata Mabruki, mwenzangu wa mizanini. Nilimtaka aseme yule wa juu ya mkarafuu ni mtu mwengine, tumefanana tu. Kakataa.

"Yakhe, mie ndiye niliyekusukuma ukapanda," kasema.

Kumbe naye alikuwepo! Ila yeye aliomba ruhusa. Mnafiki.

Ijumaa, 7 Februari
Asubuhi nimekwenda Wete kwa ofisa wa kazi. Nilijitayarisha kulia. Haikuhitajika. Kaniuliza kama nilipewa barua. Sikupewa. Kama nilisikilizwa. Wapi! Katoa kabatini nakala ya kanuni za kiwanda chetu, kanisomea kifungu cha tisa: mfanyakazi hakatwi mshahara kabla ya kusikilizwa. Miaka sita nipo pale, sijawahi kukisikia. Nimerudi Konde kifua mbele.

Jumamosi, 8 Februari
Kikao. Ofisa kaja mwenyewe. Bi Mwanapili kakisoma kifungu mara mbili, kakiri kwamba kakosea. Mshahara haukatwi, na Jumatatu narudi kazini. Nimeshinda! Nikaringa kidogo, nikauliza mbona kanuni tunafichwa. Bi Mwanapili katoa karatasi: saini yangu, nimesoma na nimeelewa. Kisha kalifungua daftari. Nikaeleza habari ya foleni. Kanisikiliza mpaka mwisho, bila ya hasira.

"Ndugu Nyange," kasema, "Jumatatu, Jumanne ulikuwa hujaifikia. Uliisaini vipi?"

Nimepewa onyo la maandishi: nikirudia, kazi sina. Ofisa kanishika mkono mlangoni.

"Haki yako umeipata. Sasa itunze."

Nimeona haya, kweli nimeona haya. Nyumbani nimemweleza Time yote. Kasema kajua tangu Jumanne, soko zima lilikuwa linacheka.

Jumapili, 9 Februari
Nimetubu. Kuanzia kesho nitasaini kila asubuhi, siku yenyewe, kwa ajili ya siku hiyo tu. Time kanisikia nikiapa, kafurahi, kanipikia pweza wa nazi. Mabruki kapita kuniambia Jumanne kuna ng'ombe tena, kijiji cha pili. Nimeendelea kula pweza.

Wiki hii kazi itakuwa nyingi, na shajara hii inataka muda. Bora niandike ya mbele leo hii, nipumzike.

Jumatatu, 10 Februari
Nimefika kazini mapema. Nimesaini. Bi Mwanapili kanisifu mbele ya watu.

Jumanne, 11 Februari
Nimekaa mizanini mpaka jioni. Ng'ombe sikuwaona.