Koni ya Shaba Isiyo na Chipsi

Jumanne, 4 Juni
...basi, kama nilivyokuwa nasema kabla mafuta hayajachemka, sanamu imeletwa. Koni ya chipsi, ya shaba, kubwa kuliko kibanda changu cha chipsi! Imelazwa katikati ya uwanja, mdomo unanitazama mimi. Na ndani? Hewa. Msanii, binti mmoja wa Brussels anaitwa Annelore, kasema ndiyo maana yake: tunanunua, tunamaliza, tunataka tena. Sawa mwanangu, lakini kwa nini mbele yangu? Hapa Ostende, pwani ya Ubelgiji, koni ikishajaa unamwongezea mtu upawa mmoja juu. Usipoongeza unaitwa bahili, jina limeshaharibika. Firmin, mwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya uwanja, kapaza sauti: "We Liva, ndiyo nyongeza yako hiyo?" Watu wakacheka. Wakaenda kununua kwake.

Alhamisi, 6 Juni
Mteja hakuna. Mmoja kaja kuomba tishu. Lakini nimepata wazo: nitaijaza! Mume wangu Marsel kaniuliza shakwe, hao ndege wa baharini, nimewasahau? Nimemwambia amenye viazi.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nimemwaga chipsi ndoo kwa ndoo. Nimezikaanga mara mbili kwa mafuta ya ng'ombe, siwezi kuwa bahili hata kwa sanamu. Ikapendeza! Lakini kwa muda wa kunywa kahawa tu. Mama weee, shakwe! Walipomaliza wakafuata harufu mpaka kwangu. Wote wako juu ya paa. Polisi kasema kulisha shakwe marufuku, mama. Nikamwambia nimelisha sanamu.

Jumapili, 9 Juni
Mungu ana mambo! Mtu ananunua, anageuka, shakwe anapita nazo, mtu anarudi kununua tena. Bibi mmoja karudi na kurudi, anacheka mpaka machozi. Annelore kanikumbatia, eti nimeikamilisha kazi yake. Sijaelewa. Nimempa koni, nyongeza juu. Shakwe kaichukua. Nani ataniita bahili sasa? Firmin kanuna, roho yangu kwatu.

Jumatatu, 10 Juni
Firmin mwizi! Kapanga vichwa vya samaki juu ya paa lake. Shakwe wangu wote wamehamia, foleni ikawafuata. Marsel anasema niwashukuru kwa kuondoka, jina langu si limeshapona? Huyo hana akili ya biashara. Mimi nimenunua kamba wabichi, ndoo tele. Tena sikuweka juu ya paa, nimeweka ndani ya kibanda, dirisha wazi, ili shakwe wazoee kabisa. Safari hii hakuna kitakacho... Marsel anapiga kelele. Anasema, "Liva! Njoo na ufagio! Wameingia wot—