Viyoyozi vya Mjane

Watu walimwita Daktari. Hakuwa amesomea udaktari wa kitu chochote, ila alikuwa na miwani, tai ya kijani na gari dogo jeupe lililong'aa, na kwa kazi yake hivyo vilitosha. Gari hasa. Bila gari angekuwa mtu mwenye maneno mengi tu, na watu wa aina hiyo wamejaa tele mjini.

Asubuhi moja alipita mbele ya nyumba ya kupangisha wageni wa likizo, akaona viyoyozi sita vimejipanga ukutani. Akapunguza mwendo. Mwenye nyumba, mjane mnene mwenye sura ya upole, alikuwa uani akianika mashuka.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na watu wa mazingira."

"Marahaba, mwanangu. Hao watu wa mazingira hawajambo?"

"Hali ni mbaya," alisema Daktari, kwa huzuni iliyompendeza mwenyewe. Akaeleza kwamba wageni wa siku hizi wamechoshwa na mashine. Wanataka madirisha wazi, vyandarua, maji ya mtungi na taa za jua, na kwa kupewa shida hiyo wako tayari kulipa mara mbili. Mashine zote ziondoke: viyoyozi, friji, hata hita ya maji. Yeye angezipeleka zikaharibiwe kitaalamu, bure kabisa, kwa uchungu alionao na dunia.

Mjane alivutiwa. "Ngoja basi nikuwashie hiki cha sebuleni, uone kina..."

"Usiwashe, mama!" Daktari alimdaka mkono. "Kila ukiwasha, dunia inaugua."

Mjane akatoa kidole kwenye swichi na kuomba radhi.

Likabaki jambo moja. Vitu vile alivinunua marehemu mumewe, na moyo wake haukukubali kuviachia hivi hivi. "Niachie hilo gari liwe dhamana, mwanangu. Ukileta uthibitisho wa jiji kwamba vimeharibiwa, unachukua gari lako. Mwezi ukiisha hujaja, ni langu."

Daktari akapiga hesabu kichwani: viyoyozi sita, friji mbili, hita ya maji. Gari lile halikufika hata theluthi ya thamani ya vitu hivyo. Akatoa funguo huku tayari akichagua rangi ya gari jipya, na kaka yake mjane, fundi makenika aliyeketi barazani, akawa shahidi.

"Sasa niite lori," alisema Daktari.

"Lori? Na moshi wote ule?" Mjane alishika kifua. "Tumesema nini kuhusu dunia sasa hivi?"

Kwa hiyo akapewa mkokoteni. Daktari wa Mazingira alivuka mji mzima akisukuma friji, tai begani, jasho likimtoka mpaka kwenye soksi. Alirudi, akapakia tena, akarudi tena. Dunia haikumshukuru.

Mnunuzi wa vyombo vikuukuu alichukua bisibisi, akafungua kiyoyozi cha kwanza. Ndani mlikuwa na kiota cha panya.

"Hivi si vya yule mama mjane?" aliuliza. "Matumbo ya mashine hizi, mota na shaba, niliyanunua mwenyewe mwaka jana. Yamebaki magamba. Aliniomba niyaondoe, nikamwambia anilipe, akasema atatafuta mtu."

"Na friji?"

"Friji nazo. Ondoa uchafu wako hapa, ndugu yangu, mlango huo nafunga."

Daktari akausukuma mzigo hadi kwenye mtaro wa maji machafu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavitumbukiza vyote. Hakutazama nyuma. Nyuma walikuwa mgambo wa jiji.

Hakimu alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, kwa mazoea, "Mazingira." Akahukumiwa kufagia soko. Alipomaliza adhabu, mwezi ulikuwa umekwisha na mwingine umeanza.

Alikwenda kwa mjane mbiombio. Nyumba ilijaa wageni: madirisha wazi, vyandarua vyeupe, mitungi barazani. Na uani, juu ya matofali, lilikuwa gari lake. Halikuwa na magurudumu wala injini. Mahali pa injini palijazwa udongo, na wageni walikuwa wakilipiga picha.

"Mama! Gari langu!" Alitaka kulia na hakuona sababu ya kujizuia.

"Polepole, usikanyage miche," alisema mjane. "Lilikuwa linatoa moshi, mwanangu. Sasa linatoa mchicha."

Kisha akamshika mkono kwa fahari, akampeleka kwa bwana mmoja mwenye kofia pana. "Uliyekuwa unamuulizia ndiye huyu. Mawazo yote haya ni yake."

"Daktari!" Bwana yule alisimama kumpokea. "Nimekutafuta! Nina nyumba kumi za wageni, zote nataka ziwe kama hii, na nitakulipa utakachotaja. Njoo kesho alfajiri, kabla sijasafiri. Ni mbali kidogo, lakini najua mtu kama wewe hakosi usafiri."

Daktari aliutazama mchicha. Ulikuwa umestawi vizuri sana.