Sekunde Mbili za Wivu

Leo nimeumbuka, jamani. Chanzo ni wivu wangu mwenyewe, nasema mapema msijisumbue kubashiri.

Kuna dada anaitwa Zaina, wa Kwamsisi kule Handeni. Mimi niko Korogwe. Wote tunajitolea kufungasha programu huria: mtu kaandika programu, sisi tunaikompaili, yaani tunaigeuza iwe lugha ya mashine, halafu tunaifunga tayari kwa watu kuisakinisha. Zamani kwenye grupu nilikuwa nasifiwa mimi. Siku hizi kila saa Zaina, Zaina. Inaniuma! (Nimewahi kuzima simu nisione pongezi zake.)

Leo sekondari moja ya hapa ilituita wote wawili, kila mtu na toleo lake la programu ya kupanga ratiba ya vipindi. Ambaye toleo lake litapendeza ndiye atakayekabidhiwa kompyuta zote za shule azihudumie. Nikasema leo ndiyo leo. Kila mbinu ya kuongeza kasi ambayo kompaila inayo, niliiwasha. Kwa hiyo kukompaili kwangu kunakula saa mbili. Kwa Zaina, dakika nne.

Tukaanza kwa kuonyesha kwenye laptop yangu. Ratiba yangu ikatoka kwa sekunde tisa! Ya Zaina, kumi na moja. (Sekunde mbili tu, ndugu zangu, lakini nilivimba kama nimejenga ghorofa.)

Mwalimu mkuu akakohoa. "Nzuri. Ila Ijumaa vipindi viishe mapema, watu wawahi msikitini. Rekebisheni, kisha muweke kwenye kompyuta zetu."

Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha, lakini lazima ukompaili upya. Zaina akaletewa chai. Haijapoa, kashamaliza na kuisakinisha.

"Kaka, punguza hizo mbinu," akaninong'oneza. "Utatukalisha hapa mpaka jioni."

"Subiri uone."

Nipunguze ili tulingane? Thubutu!

Laptop ikavuma. Mwalimu wa taaluma akasinzia. Mwalimu mkuu akaenda kula, akarudi. "Bado tu?"

"Inamalizia, mwalimu." (Ilikuwa nusu.)

Hatimaye! Nikaisakinisha kwenye kompyuta ya shule, kuukuu hiyo, nikabonyeza kwa madaha. Programu ikafa papo hapo. Nikabonyeza tena. Ikafa tena.

Ndipo nikakumbuka. Katika zile mbinu, moja inaiambia kompaila itengeneze programu kwa ajili ya prosesa, yaani ubongo, wa laptop yangu tu. Ndiyo iliyonipa zile sekunde mbili. Mashine ya zamani haiwezi kuiendesha kabisa.

"Sasa hii umeleta ya shule au ya kwako?" akauliza mwalimu mkuu. Walimu hoi kwa kicheko. Aliyesinzia naye akaamka kucheka.

Zaina akanitetea. Laiti angenyamaza!

"Msimcheke, walimu wangu. Mimi nilipoanza nilifanya kosa hilihili. Kaka ndiye aliyenisahihisha. Aliniandikia kurasa tatu nzima kwamba programu ya watu haitengenezwi kwa ajili ya mashine ya mfungashaji."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kompyuta kakabidhiwa yeye, mimi nikapiga makofi huku roho inaniuma.

Basi msinicheke. Nimeshamwomba Zaina anitumie zile kurasa tatu nizisome upya, na kanitumia ndani ya dakika moja.