Guanyin Hanunuliwi, Hualikwa

Jumatatu, 6 Mei

Tingatinga linaingia Ijumaa. Bustani ya Uchina mdogo, huku Florida, imefungwa miaka kumi sasa. Kabla ya hapo, miaka tisa nilikuwa nawagundishia pua watu wake wa udongo. Hayo mahekalu madogo ya kwetu, mazuri hata kuliko ya kwetu penyewe, yatakuwa kokoto za Florida. Na ndani ya moja yumo Guanyin, mungu wetu mama wa huruma, sanamu yake ndefu kama kijiti cha kulia wali. Nitamwachaje? Huizhen, aliyekuwa akifagia pale, anatangaza mgahawani kwamba atamfikia kwanza.

Nimerusha vibao vyangu viwili vya umbo la nusu mwezi, vya kupigia ramli, kumwomba ruhusa. Kimoja chali, kimoja kifudifudi, ni ndiyo. Vyote vikalala chali: mama anacheka. Basi amefurahi.

Jumanne, 7 Mei

Nimempelekea mlinzi Delbert vimaandazi vya nyama, nikamwambia nilisahau gundi yangu ndani. Akasema gundi ya miaka kumi imeshakuwa jiwe, nenda nyumbani, mama. Vimaandazi akabaki navyo.

Jumatano, 8 Mei

Alfajiri nimepenya uzio. Gari la Delbert likaja. Nikajificha nyuma ya Ukuta Mkuu, ambao unanifika kiunoni. Nikalala kifudifudi. Siafu wakanila mkono, nikawaombea, sikuwaua. Gari likapita.

Hekaluni, mikono minne ikamshika Guanyin. Miwili ya Huizhen! Naye ana kitambaa chekundu cha kumfungia. Nikamwita mwizi. Akauliza, na wewe dada Suqin umekuja kufagia? Tukavutana mpaka kivuli cha Delbert kikatuangukia. Akauliza tunaiba nini. Tukajibu kwa pamoja kwamba Guanyin haibwi wala hanunuliwi, hualikwa.

Akauliza, na amekubali?

Nikatoa vibao. Huizhen akarusha: vyote kifudifudi. Hapana. Nikarusha mimi: kifudifudi. Delbert, Mbaptisti, akaviokota, akarusha kwa mchezo tu.

Kimoja chali. Kimoja kifudifudi.

Ijumaa, 10 Mei

Tingatinga lilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Guanyin yuko salama. Mwenye bustani kamruhusu Delbert amchukue. Yuko mbele ya usukani wa gari lake, ubavuni mwa Biblia. Huizhen analia, anasema tumefunzwa adabu.

Kweli, nimejifunza. Vibao vyangu vilikuwa na kasoro. Nimechonga vipya: kimoja nimekitia gundi nzito mgongoni, kingine tumboni. Nimerusha mara tisa, mama amesema ndiyo mara tisa.

Jumapili saa nne Delbert huingia kanisani, na gari lake hafungi. Nami kitambaa changu chekundu nimeshakipiga pasi.