Kikopo cha Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Bado wodini, mguu kwenye plasta. Leo daktari katangaza tupimwe choo wagonjwa wote, hata sisi wa mifupa. Sista akagawa vikopo. Balaa! Mama watoto, mwenye mgahawa tunamopika pamoja, kaapa nikikutwa na minyoo sigusi tena sufuria yake. Ananijua kwa kunawa: natia maji vidoleni, najifuta kwenye suruali. Na mimi nje ya jiko lile si mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili! Kitanda cha jirani yuko Mwalimu mstaafu, mzee msafi kupindukia, hata ndizi huiosha kabla ya kuimenya. Vikopo viliachwa dirishani vikisubiri kwenda maabara. Nikajikongoja na magongo, nikabandua karatasi za majina yetu, nikabadilisha. Niliporudi Mwalimu akaniuliza hali ya mguu. Nikamjibu kwa heshima zote.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu. Mwalimu hana kitu. Mimi nina minyoo ya safura! Yaani changu kilikuwa safi, nikakigawa mwenyewe! Sista akasema nisione haya, karibu nusu ya wodi wana minyoo na wengi hawakujua. Haya sioni, naona hasira. Mama watoto kasikia, kachukua uji wake, kaondoka.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu kapauka. Akisimama anapepesuka, na dawa yake nimemeza mimi. Halafu ananigawia chai yake, mzee wa watu! Roho ikaniuma. Nikamnong'oneza sista kwamba huenda vikopo vilichanganyika, upepo ule wa dirishani. Akanitazama weee! Akasema tutapimwa upya, na vikopo atabeba yeye.

Jumapili, 10 Machi
Safura ni ya Mwalimu. Kumbe huingilia nyayoni, naye hulima bustani pekupeku! Keshaanza dawa. Mimi safi kabisa. Nikamwita mama watoto ili nimtambie. Lo! Wanaouguza nao walipimwa, na yeye anayo. Akalia, mwanamke anayeshinda na sabuni mkononi. Eti hagusi sufuria mpaka kipimo cha marudio kitoke safi.

Nampenda mwanamke huyu. Nikamshika mkono, nikamwambia asihangaike, mume anaye: siku ya kipimo nitampa choo changu, kimeshathibitishwa na maabara. Akafuta machozi. Akauliza kama kitatosha.

Mwalimu alikuwa anasikiliza. Kaomba na yeye tumfikirie.