Sura Mbili za Kompyuta ya Hekaluni

Jumanne ile Unyoya alifika kijiweni bila kusalimia mtu. Alivuta kigoda cha plastiki, akalibwaga gazeti mezani mpaka vikombe vya chai, vyenyewe vidogo kama vifuniko vya chupa, vikarukaruka.

"Tumekwisha," akasema.

"Kafa nani?" Karamu akauliza, mdomo umejaa karanga.

"Kompyuta. Soma mwenyewe. Kuanzia Oktoba kampuni haiutunzi tena ule mfumo wa zamani. Mashine isiyoweza kupokea mpya, pole yake. Na barua ya kata imebandikwa pale mlangoni: Ijumaa fundi anapita kukagua. Akikuta mfumo wa zamani, mashine inapanda lori la taka."

Siok-hun alikuwa anamimina maji ya moto kwenye birika. Maji yakafurika, yakamwagika kwenye sinia.

Kijiwe chenyewe kilikuwa uani mwa hekalu la Mungu wa Ardhi, mtaa wa nyuma huko Tainan, chini ya turubai ambalo Karamu alilileta siku alipostaafu. Karamu alikuwa mpishi wa zile karamu za barabarani, harusi ya meza sitini na sahani kumi na mbili, na mpaka leo chakula cha sahani sita alikiita msiba. Unyoya alikuwa tarishi miaka thelathini na minne, mtu aliyewahi kukata mpini wa mswaki wake ili mfuko wa safari upungue uzito. Wa tatu alikuwa dereva wa teksi waliyemwita Bendera, na sababu ya jina hilo ilijulikana ukikaa naye robo saa.

Siok-hun hakuwa na jina la utani. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha wazee nyuma ya hekalu, chumba ambamo kila Jumamosi watu wa mtaa walikusanyika kuimba. Nyimbo zilikuwa ndani ya kompyuta ya miaka kumi na miwili. Nyingi zilikuwa za zamani mno, za lugha ya nyumbani, hazipatikani kwenye mashine za dukani. Maneno yake Siok-hun aliyaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa miaka tisa, akisikiliza santuri za mama yake. Kwa hiyo wenzake waliposikia habari ya kompyuta kutupwa, yeye alisikia habari ya miaka tisa kutupwa.

"Si tuweke huo mfumo mpya, yaishe," Bendera akasema.

"Hauingii. Memori ya mashine ni gigabaiti mbili," Unyoya akamjibu. "Ni kumpakia nyati kwenye kikapu cha mboga."

"Basi tuweke Linux," wakasema Unyoya na Karamu kwa pamoja, na hiyo ikawa mara ya mwisho kukubaliana wiki ile.

"Ndiyo nini hiyo?" Bendera akauliza. "Mbona mnaitaja kama jina la mkwe?"

"Mfumo wa bure," Unyoya akaeleza. "Unafufua mashine kuukuu. Ila injini ni moja, sura ni nyingi. Sura ndiyo unayoiona: madirisha, vitufe, rangi. Kuna sura nyepesi na sura nzito. Mwenye akili anachukua nyepesi." Bendera akaitikia kwa kichwa.

"Mwenye njaa ndiye anachukua nyepesi," Karamu akadakia. "Sura yako hiyo naijua. Ukiiwasha unakuta ukuta mtupu na kitufe kimoja, kama selo. Sura nzito ina kila kitu. Unataka herufi kubwa, zipo. Unataka ikusomee kwa sauti, inakusomea. Madirisha yana vivuli, ukiyavuta yanatikisika kama mlenda."

"Dirisha la kutikisika la nini, bwana? Nyumba ina tetemeko?"

"La kupendeza."

"Kupendeza hakuimbi."

"Na uchoyo hauimbi vilevile. Wewe ukialika watu kwako unawapa nini? Wali na chumvi?"

"Ukweli kabisa," Bendera akasema. "Mgeni apewe vitu."

"Wewe dakika hii ulikuwa upande wangu," Unyoya akamgeukia.

"Nilikuwa sijasikia kuhusu vivuli."

Siok-hun akaweka birika chini. "Leo Jumanne," akasema. "Na Bibi Tho?"

Bibi Tho alikuwa na miaka themanini na minane, na tangu mumewe afariki hakutoka nje ya mlango wake isipokuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kuja kuimba. Binti yake alikuwa amemwambia Siok-hun waziwazi: siku nyingine zote mama anakaa anatazama ukuta. Na macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Bibi Tho ataimba," Unyoya akasema. "Nipe ufunguo. Kesho saa nane kila kitu tayari."

Kweli, Jumatano saa nane aliwaita. Siok-hun alikuwa ameshanakili nyimbo zake kwenye vijiti viwili vya USB, kimoja akakitia mfukoni, kingine akakificha madhabahuni nyuma ya Mungu wa Ardhi, maana hakuwa anamwamini binadamu. Unyoya akaweka birika jikoni na papo hapo akabonyeza kitufe cha kompyuta. Birika halijaanza hata kuguna, mashine imeshawaka na wimbo unalia.

"Mmeona," akasema. "Kabla ya maji."

"Noma," Bendera akasema. "Mimi tangu zamani ni mtu wa vyepesi."

Karamu alikunja mikono. Binti wa Bibi Tho alimleta mama yake ajaribu. Bibi Tho akakaa, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nani kamwaga ufuta humu?" akauliza.

"Hizo ni herufi, bibi," Siok-hun akamwambia.

Karamu akatazama dari kwa furaha kubwa.

"Zinakuzwa, zinakuzwa," Unyoya akasema haraka. "Nafungua faili moja tu, naandika mstari mmoja."

Mstari mmoja ukawa saa mbili. Mwisho wake herufi za nyimbo zilibaki palepale, ila vitufe vikavimba kila kimoja kama mlango wa ghala, na kitufe cha kuzimia mashine kikasukumwa nje ya kioo, kisionekane tena. Unyoya aliitafuta njia ya kuizima mpaka jasho likamtoka. Hatimaye Karamu aliinuka taratibu, akaenda ukutani, akachomoa waya.

"Hiyo nayo ni sura nyepesi," akasema. "Haina hata mlango wa kutokea."

Alhamisi ikawa zamu ya Karamu. Alikuja mapema, akajifungia, na alipowafungulia alikuwa amevaa shati lake la kwenda harusini. Kompyuta ilikuwa inawaka. Walikaa. Wakanywa chai mkondo wa kwanza, yaani maji ya kwanza juu ya majani yale. Kwenye kioo kulikuwa na duara linazunguka. Wakanywa mkondo wa pili.

"Inafika," Karamu akasema. "Chakula kizuri hakipikwi kwa pupa."

"Huko jikoni wamekwenda kununua kuku au wanasubiri yai litotolewe?" Unyoya akauliza.

Mkondo wa nne, majani ya chai yameshachoka, sura ikajitokeza. Na kusema haki ilikuwa nzuri. Rangi za machweo, herufi kubwa kama ngumi, vivuli chini ya kila kitu. Bibi Tho aliletwa tena, akatazama, akatabasamu. "Hapa naona," akasema. Bendera alikuwa tayari amehama.

Siok-hun akauchagua wimbo wa Bibi Tho, ule wa msichana anayengoja mtu kituo cha treni. Muziki ukaanza vizuri. Bibi Tho akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaingia pale pake, na alipofika neno la mwisho la mstari wa tatu mashine ikaganda. Muziki ukang'ang'ania noti moja, "nga-nga-nga-nga," na Bibi Tho, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuacha wimbo kabla ya muziki, akaing'ang'ania naye. Akavuta. Akazidi kuvuta. Mishipa ya shingo ikamtoka. Binti yake akasimama. Siok-hun akaruka, akachomoa waya, na Bibi Tho akashusha pumzi kama tairi lililotobolewa.

"Siku hizi wimbo umerefuka," akasema, akitafuta maji.

"Memori imejaa tu," Karamu akanong'ona. "Tukipata memori nyingine..."

"Ungemwua bibi wa watu kwa vivuli," Unyoya akasema.

"Na wewe ulimpofusha."

"Mwambie huyo mpishi sisemi naye."

Bendera akageuka. "Anasema hasemi na wewe."

"Mwambie huyo tarishi kwamba barua imefika."

Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, meza moja, wakitumiana maneno kupitia kwa Bendera, ambaye kila alipopeleka ujumbe aliongeza, "na mimi naona ana haki." Siok-hun aliwasikiliza. Kesho ni Ijumaa, na wanaume wawili wenye miaka mia na arobaini kwa jumla walikuwa wanagombea madirisha.

"Nisikilizeni," akasema, na hakupandisha sauti. "Siku tatu mnabishana. Nani kati yenu ameniuliza Bibi Tho anataka nini? Hataki kasi. Hataki vivuli. Anataka aone maneno na muziki usimkatikie. Basi. Nendeni nyumbani."

"Siok-hun, dada yangu..." Karamu akaanza.

"Ufunguo."

Karamu akautoa mfukoni.

Akaingia peke yake, akawasha mashine. Hakuwa fundi, lakini mtu aliyeandika nyimbo mia sita kwa vidole viwili hana haraka. Ulipotokea ukurasa wa neno la siri, hakuupita haraka. Aliusoma wote, juu mpaka chini. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya gurudumu lenye meno. Akaibonyeza. Majina mawili yakatokea, moja chini ya jingine.

Alitoka mlangoni. Wale wawili walikuwa bado hawajaondoka. Walisimama uani wakijifanya wanasoma tangazo la kata.

"Njooni," akawaita. "Hiki kigurudumu ni cha nini?"

Unyoya akatazama viatu vyake. Karamu akakohoa.

"Cha kuchagulia sura," Karamu akasema mwishowe. "Ile ya kwake sikuifuta. Niliongeza yangu juu. Unaweza kuwa nazo zote, ukichagua kila unapoingia."

"Mlijua."

"Tulijua," Unyoya akasema.

"Wote?"

"Sasa ningesema, ningeshindaje?" Karamu akauliza.

Siok-hun alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia, nao wakamwona wakadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliwaketisha mmoja kulia, mmoja kushoto, kama watoto waliokamatwa wakinakiliana mtihani.

"Sura nyepesi ndiyo itakaa," akasema. Unyoya akatanua kifua. "Na wewe Karamu, humo kwenye sahani zako kumi na mbili, kuna chombo gani cha kukuza herufi?"

"Kipo kioo cha kukuzia. Programu ndogo tu. Unaisogeza, inafuata maneno."

"Inakula memori?"

"Yenyewe peke yake? Kidogo sana. Wanaokula ni hao wengine."

"Basi itoe kwenye meza yako, iweke kwenye meza yake. Hao wengine wabaki jikoni."

Karamu akapangusa mikono kwenye shati la harusi, akafanya kazi. Unyoya alirudisha vitufe kwenye ukubwa wake wa kibinadamu. Walipokwama waliulizana, mwanzoni kupitia kwa Bendera, baadaye Bendera akaenda kununua maandazi ya mvuke na wao wakasahau kwamba hawasemi.

Ijumaa fundi wa kata alikuja, dada mmoja mwenye kofia ya pikipiki mkononi. Akaiwasha mashine, akahesabu sekunde kwa midomo, akafungua wimbo, akakifuata kwa macho kile kioo cha kukuzia kilivyokuwa kinateleza juu ya maneno.

"Hii nzuri," akasema. "Fundi wenu nani?"

"Mimi," akasema Unyoya.

"Mimi," akasema Karamu.

"Hawa wote," akasema Bendera.

Fundi akampa Siok-hun kalamu, kwa kuwa ni yeye pekee aliyekuwa kimya, naye akasaini fomu ya ukaguzi.

Jumamosi saa nne chumba kilijaa. Bibi Tho aliingia amepaka rangi ya mdomo. Alikalia kiti chake, muziki ukaanza, na herufi zikamjia moja moja, kubwa, nyeusi, hazikwami. Aliimba ubeti wa kwanza. Unyoya na Karamu walikuwa wamesimama nyuma, bega kwa bega, kila mmoja akimwambia jirani yake kwa sauti ya chini kwamba wazo lilikuwa lake.

Ubeti wa pili, katikati ya mstari, Bibi Tho akanyamaza.

Muziki ukaendelea wenyewe. Siok-hun akatazama mashine: haijaganda. Akamtazama Bibi Tho, ambaye alikuwa ameinama mbele, kidole kimegusa kioo.

"Siok-hun," akaita.

"Naam, bibi."

"Hili neno umeliandika vibaya."

Chumba kizima kikageuka kutazama. Siok-hun akasogea. Akasoma. Lilikuwa limeandikwa vibaya kweli: katika maandishi yao kila herufi hubeba neno, na ile ya kituo cha treni ikawa ya duka la nguo, na watu wa mtaa walikuwa wameimba hivyo kwa miaka tisa.

"Na hapa juu pia," Bibi Tho akasema, akikisogeza kioo cha kukuzia mwenyewe kwa kipanya, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. "Na hapa. Ee, mwanangu. Kumbe nilikuwa naimba nini siku zote?"

"Samahani, bibi. Niliandika kwa kusikiliza tu."

"Haidhuru." Aliendelea kusoma. Hakuonekana mwenye hasira; alionekana mtu aliyepewa kazi. "Ziko nyimbo ngapi humu?"

"Mia sita na ushee."

Bibi Tho akamrudishia kipaza sauti, akamgeukia binti yake.

"Kesho uniamshe saa kumi na mbili," akasema.